Mtakatifu Pier Giorgio Frassati: Fahari Iliyochelewa

Ni desturi ya wazazi kujivunia watoto wao siku ya matokeo ya mitihani au ya mahafali. Fahari hiyo ni halali. Lakini maisha ya Mtakatifu Pier Giorgio Frassati yanatufundisha kwamba mzazi aweza kuhesabu alama za mwanawe miaka yote, na hazina iliyo bora zaidi ikampita machoni.

Pier Giorgio alizaliwa Torino, kaskazini mwa Italia, tarehe 6 Aprili 1901. Baba yake, Alfredo, alikuwa mwenye gazeti la La Stampa, na baadaye akawa seneta na balozi wa Italia mjini Berlin. Hakuwa mtu wa ibada. Mama yake, Adelaide, alikuwa mchoraji. Walimlea pamoja na dada yake mdogo, Luciana, katika nyumba ya nidhamu kali.

Angali mdogo, siku moja alifungua mlango akamkuta mama ombaomba pamoja na mwanawe asiye na viatu. Papo hapo alivua viatu na soksi zake akawapa, kisha akafunga mlango haraka asije akazuiwa na watu wa nyumbani. Siku nyingine baba yake alimfukuza ombaomba aliyenuka pombe. Mtoto alimkimbilia mama yake huku akilia, akihofu kwamba aliyefukuzwa ni Yesu mwenyewe. Mama akamruhusu amfuate mtu yule na kumrudisha ili apewe chakula.

Mbegu hiyo ilikua kimyakimya. Shuleni alianguka mtihani wa Kilatini, na baba yake alihuzunika sana. Alipofika chuo alichagua uhandisi wa madini, kwa nia ya kuwa karibu na wachimbaji na taabu zao. Mwaka 1918 alijiunga na Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, akawa anapanda ngazi za nyumba za maskini na kuwapelekea chakula, nguo na dawa. Mara nyingi alitoa hata nauli yake, akarudi nyumbani mbio kwa miguu. Mwaka 1922 aliingia Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Dominiko. Nyumbani, hata hivyo, alionekana kijana anayechelewa chakula na kukawia kumaliza masomo. Baba yake alitamani aje kusaidia kuendesha gazeti, akawa na wasiwasi juu ya mustakabali wake.

Mwishoni mwa Juni 1925 Pier Giorgio aliugua polio. Siku zizo hizo bibi yake alikuwa akifa katika nyumba ileile, na kwa sababu hiyo hakuna aliyetambua uzito wa ugonjwa wa kijana. Alipogunduliwa, kupooza kulikuwa kumeenea. Siku moja kabla ya kufa, kwa mkono usiotii tena, aliandika kikaratasi akiagiza dawa ya sindano imfikie maskini mmoja aliyekuwa akimhudumia. Alifariki tarehe 4 Julai 1925, akiwa na umri wa miaka 24.

Siku ya maziko, barabara zilijaa maskini wa Torino. Wazazi walistaajabu kuona jinsi mwana wao alivyopendwa, na wengi wa maskini nao walistaajabu kujua kwamba rafiki yao alikuwa mtoto wa Seneta Frassati. Hapo ndipo baba alipoanza kumfahamu mwanawe, akiwa nyuma ya jeneza. Inasimuliwa kwamba kabla ya kufa kwake mwaka 1961, Alfredo aliirudia imani.

Papa Yohane Paulo II alimtangaza Pier Giorgio kuwa Mwenye Heri tarehe 20 Mei 1990, na Papa Leo XIV akamtangaza Mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025.

Wazazi wapendwa, mtoto anayemgawia mwenzake nusu ya andazi lake haleti cheti nyumbani. Tusipomtazama kwa makini, hatutajua. Basi tuwaulize watoto wetu jioni ni nani waliyemsaidia leo, na wakituambia, tuwaonyeshe furaha yetu wangali wadogo, wangali mezani pamoja nasi.

Mtakatifu Pier Giorgio, utuombee.