Siti binti Saad: Alidhihakiwa sura, akajibu kwa wimbo

Marehemu Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1880, akapewa jina la Mtumwa. Aliuza vyungu kabla ya kuhamia mjini mwaka 1911, na huko sauti yake ikampa heshima.

Mahasidi, kwa kuwa sauti hawakuweza kuitia ila, waliigeukia kaniki aliyojia mjini na sura yake, wakidai haivutii. Ni kejeli inayomchoma mwanamke, hasa wa makamo. Siti hakurudisha tusi. Aliimba kwamba uzuri si hoja, akatanguliza akili.

Mwaka 1928, akikaribia miaka 50, alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Alifariki Julai 1950; wasifu wake uliandikwa na Shaaban Robert.