Clara Barck Welles, Mfua Fedha wa Chicago

Clara Barck alizaliwa Marekani mwaka 1868. Siku zile mashine zilikuwa zikitengeneza vyombo kwa maelfu, navyo viliuzwa kwa bei rahisi. Walakini vingi havikuwa na uzuri, na ufundi wa mikono ulianza kudharauliwa. Basi Uingereza wakatokea watu waliotaka ufundi huo urudishiwe heshima yake, na fikira zao zikafika hata Marekani.

Clara alisoma katika shule ya sanaa mjini Chicago. Mwaka 1900 yeye na wanawake wenziwe wachache wakafungua duka, wakaliita Kalo, kwa neno la Kiyunani lenye maana ya uzuri. Walitaka kila chombo chao kipendeze macho, kifae kwa kazi, tena kidumu.

Mwaka 1905 Clara aliolewa na George Welles, na tangu hapo kazi ya kufua fedha ikazidi kukua. Katika Park Ridge, mji mdogo karibu na Chicago, wakafanya karakana iliyokuwa pia mahali pa kufundishia. Hapo wasichana walishika nyundo, ingawa watu wengi walidhani ya kuwa kazi hiyo ni ya wanaume tu. Kazi yenyewe yataka saburi. Bamba la fedha hufuliwa polepole mpaka libonyee na kuwa bakuli. Likifuliwa sana huwa gumu, na fundi asipolipasha moto tena litapasuka. Alama za nyundo hazikufutwa zote, ili kila atazamaye ajue ya kuwa chombo kile kimetoka mkononi mwa mtu.

Baadaye ndoa ya Clara ilivunjika, naye akaliongoza duka peke yake miaka mingi. Mafundi wake, wanawake kwa wanaume, wengine wageni waliotoka Ulaya ya kaskazini, walifanya mabakuli, mabirika, vijiko na mikufu.

Alipokuwa mzee hakuliuza duka lake. Mwaka 1959 aliwapa mafundi wake wanne liwe mali yao. Yeye akafa mwaka 1965, nao wakaendelea na kazi hata mwaka 1970, duka lilipofungwa. Fundi afichaye ujuzi wake hufa nao; Clara aliwagawia wenziwe ujuzi, na mwisho akawapa na duka lenyewe.