Malinowski, Mwalimu Aliyemsimamia Kenyatta

Kila mwaka vijana wetu wa Mshangano hupanda basi kwenda vyuo vikuu, na wakirudi likizo hutusimulia habari za mshauri wa masomo, yaani mwalimu aliyewekwa kumwongoza mwanafunzi, kusoma anachokiandika na kumrudishia akisahihishe. Wazazi wengi huuliza kazi ya mtu huyo ni nini hasa, ikiwa madarasani wako walimu wengine tayari. Tumeona njia rahisi ya kujibu ni kusimulia maisha ya mmoja wao. Hakuwa Mwafrika, wala hakuwa mtu wa ibada, lakini kazi yake imefika hata hapa Songea, kama tutakavyoonyesha.

Bronisław Malinowski alizaliwa tarehe 7 Aprili 1884 katika mji wa Kraków, Poland. Siku zile Poland haikuwa nchi huru. Ilikuwa imegawanywa na madola matatu, na watu wa Kraków walikuwa raia wa mfalme wa Austria. Baba yake alikuwa profesa wa lugha, akafariki mtoto akiwa bado hajafikisha miaka kumi na mitano. Kijana mwenyewe alikuwa mgonjwa mgonjwa, na macho yalimsumbua sana, hata ikawa mama yake anamsomea vitabu kwa sauti. Hivyo ndivyo alivyosoma, na mwaka 1908 akapata udaktari wa falsafa kwa heshima kubwa. Mwaka 1910 alikwenda London kujifunza elimu ya mila na desturi za watu, ambayo wataalamu huiita anthropolojia.

Mwaka 1914 alikuwa safarini Australia vita kuu ilipoanza. Kwa kuwa alikuwa raia wa Austria, alihesabiwa kuwa mtu wa upande wa adui. Hata hivyo wakubwa wa Australia walimruhusu aendelee na uchunguzi wake, naye akaenda visiwa vya Trobriand, mashariki ya New Guinea. Hapo alipiga hema katikati ya kijiji, akajifunza lugha ya wenyeji, akakaa miezi mingi akitazama watu wanavyolima viazi vikuu, wanavyozikana, na wanavyosafiri kwa mitumbwi kupelekeana mikufu na bangili za kombe. Kabla yake wataalamu wengi waliandika habari za watu wa mbali wakiwa wamekaa maktabani, au walikaa barazani kwa mzungu fulani na kuwaita wazee waje kuhojiwa. Yeye alisema kwa vitendo kwamba asiyekaa na watu hawezi kuwajua. Kitabu chake juu ya safari zile za mitumbwi kilitoka mwaka 1922 na kikamfanya ajulikane duniani.

Akiwa kule visiwani, mama yake alifariki mapema mwaka 1918. Barua ya msiba ilimfikia miezi mingi baadaye. Tunaitaja habari hii kwa sababu tutairudia.

Baada ya vita alioa, akarudi Ulaya, na tangu 1924 alikuwa na kazi ya kudumu katika London School of Economics, ambako alifanywa profesa mwaka 1927. Hapa ndipo tunapomwona katika kazi ya kusimamia wanafunzi. Hakupenda kusimama mbele na kuhubiri. Aliwaketisha wanafunzi wake katika semina, mmoja akasoma alichoandika, kisha wote, naye akiwa wa kwanza, wakakichambua pale pale. Aliyekuja na maneno makubwa bila ushahidi alijuta. Likizoni aliwaita wengine nyumbani kwake milimani kaskazini mwa Italia, wakaendelea na kazi huko. Alikuwa mkali na mwenye kujiona, na baadhi ya wanafunzi wake hodari, kama Evans-Pritchard, waligombana naye. Lakini hakuwaacha hivi hivi. Aliwatafutia fedha za uchunguzi na kuwaandikia dibaji za vitabu. Mmoja wao, Godfrey Wilson, alikuja kukaa na Wanyakyusa, ng'ambo ya Ziwa Nyasa kutoka kwetu, pamoja na mkewe Monica, kati ya 1934 na 1938. Mwaka ule wa 1934 Malinowski mwenyewe alitembelea Afrika, akapita kwa Waswazi, Wabemba, Wachagga na Wakikuyu.

Katikati ya miaka ile alikuja kwake Mkikuyu mmoja, mtu mzima tayari, aliyesoma shule ya misheni huko Thogoto na ambaye hakuwa na shahada yoyote. Alikuwa ametumwa London na chama cha Wakikuyu kudai ardhi, na maisha yake mjini yalikuwa ya shida na madeni. Mtu huyo ni Jomo Kenyatta. Profesa angeweza kumtumia kama wataalamu wengine walivyowatumia Waafrika, yaani kumweka kitini ajibu maswali, kisha mzungu aandike. Badala yake alimketisha katika semina pamoja na wengine, akamtaka aandike mwenyewe, na alipoandika akachambuliwa kama wao. Maandishi yale ndiyo yaliyokuwa kitabu cha Facing Mount Kenya, kilichotoka mwaka 1938 kikiwa na dibaji ya Malinowski. Yumkini msimamizi aliyezaliwa katika nchi isiyo na bendera yake aliuelewa uchungu wa mwanafunzi wake kuliko Waingereza waliokuwamo chumbani. Hayo ni mawazo yetu sisi.

Katika kitabu kile Kenyatta alieleza ardhi, ndoa, ibada na jando, na akaitetea hata tohara ya wasichana, iliyokuwa imewagombanisha Wakikuyu na wamisheni mwaka 1929. Sura hiyo hatuisifu. Wasomaji wetu wanajua kwamba jirani zetu wa Masasi walishika njia nyingine chini ya Askofu Vincent Lucas, aliyeichukua jando ya wavulana na kuiingiza katika maisha ya Kanisa badala ya kuipiga marufuku. Lakini ubishi ule wa Kenyatta ulikuwa na uzito kwa sababu aliyesema ni mwenye mila, na kwa lugha ambayo wasomi walilazimika kuijibu. Mchina Fei Xiaotong naye alisimamiwa na mwalimu huyo huyo, akaandika habari za wakulima wa kwao.

Miaka ile ya Kenyatta ilikuwa migumu kwa profesa nyumbani. Mkewe Elsie, aliyeugua muda mrefu, alifariki mwaka 1935 na kumwachia mabinti watatu. Mwaka 1938 alikwenda Marekani, vita vikamkuta huko, akafundisha Chuo Kikuu cha Yale. Alifariki ghafla tarehe 16 Mei 1942 mjini New Haven, akazikwa huko. Hakumwona mwanafunzi wake akifungwa mwaka 1953 wala akiongoza Kenya huru mwaka 1963.

Kama tungeishia hapo, ingekuwa habari ya kupendeza. Lakini mwaka 1967 mjane wake wa pili alichapisha daftari ambazo Malinowski aliziandika kwa Kipolandi usiku kule visiwani. Wasomaji walishtuka. Mtu aliyefundisha dunia kukaa na watu kwa heshima alikuwa akiwaandika wenyeji wake kwa hasira na kwa majina ya dharau ambayo hatutayarudia humu. Kurasa za mwisho ni za kijana aliyepokea barua ya kufiwa na mama akiwa peke yake mbali, na ni vigumu kuzisoma bila huruma. Huruma hiyo haiyafuti yale mengine. Wako waliosema tangu hapo kwamba mafundisho yake yalikuwa uongo. Sisi tunaona kwamba alifundisha jambo kubwa kuliko alivyoweza yeye mwenyewe kulitenda, na kwamba waliodharauliwa katika daftari zile wana haki ya kukasirika.

Sasa tuseme habari ya Songea. Mwanafunzi wake mwingine, Audrey Richards, alikuja kuwa mkuu wa kwanza wa taasisi ya uchunguzi wa jamii huko Makerere mwaka 1950. Taasisi hiyo ndiyo iliyochapisha, mwaka 1955, kitabu cha Philip Gulliver kuhusu Wangoni na Wandendeuli. Gulliver alisoma katika chuo kile kile cha London baada ya Malinowski kufa. Alikuja huku kwetu akiwa mtumishi wa serikali, akaeleza kwa nini wanaume waliacha mashamba na wake zao wakaenda mbali kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, na jinsi kuondoka kwao kulivyobadili vijiji walivyoviacha. Babu zetu waliofunga mizigo kwenda mkonge ndio hao walioandikwa humo, na aliyewaandika hakuwa mtoto wao.