Cockerell, mtu aliyewapa vidung'ata majina

MKULIMA wa miwa katika bonde la Kilombero akibandua majani makavu yaliyoshika pingili za muwa, anaweza kukuta kundi la wadudu wadogo wa rangi ya waridi waliojipaka kitu cheupe mithili ya unga wa sembe. Hao ndio vidung'ata. Mkulima wa mananasi huwakuta chini kabisa ya shina, karibu na mizizi. Wa muhogo huwaona kwenye ncha ya mmea, majani yakiwa yamejikunja na kudumaa.

Kwa kutazama haraka, wote huonekana wamoja: weupe, laini na wazito wa kutembea. Kumbe ni wadudu tofauti, na adui wa asili anayemmaliza mmoja anaweza asimguse mwingine. Mmoja wa watu waliofanya kazi kubwa ya kuwatenganisha na kuwapa majina ni Theodore Dru Alison Cockerell, Mwingereza aliyezaliwa Norwood, karibu na London, Agosti 22, 1866.

Majina aliyoyatoa yangali yakitumika katika vitabu vya kilimo, na habari za jina lake mojawapo zinawahusu moja kwa moja wakulima wa Afrika Mashariki. Jina hilo lilipobandikwa kwa mdudu asiyestahili nchini Kenya, kahawa iliteketea kwa miaka mingi huku dawa ikitafutwa upande usio wake.

Ugonjwa uliomhamisha

Cockerell hakupanga maisha ya aina hiyo. Akiwa kijana aliugua kifua kikuu, na mwaka 1887 alikwenda Colorado, Marekani, kutafuta hewa kavu ya milimani. Alikaa huko miaka mitatu, akikusanya konokono, mimea na wadudu na kuandika kila alichokiona.

Aliporudi London alipata kazi kwenye jumba la makumbusho, na pia alimsaidia mwanasayansi mashuhuri Alfred Russel Wallace kuandaa toleo jipya la kitabu chake kuhusu viumbe wa visiwani. Mwaka 1891 alioa, na mwaka huo huo alipewa usimamizi wa makumbusho ya Kingston, Jamaika.

Jamaika ilikuwa nchi ya mashamba, na wadudu wa mazao walikuwa wengi. Hapo ndipo Cockerell alipozama katika vidung'ata na ndugu zao vidugamba. Mwaka 1893 alimwelezea kidung'ata wa mananasi, ambaye leo huitwa Dysmicoccus brevipes. Mwaka huo huo alimwelezea kidung'ata mwenye mistari miwili myeusi mgongoni na mikia miwili mirefu, Ferrisia virgata, anayeshambulia mimea mingi katika nchi za joto. Mwaka 1895 alimtaja yule wa rangi ya waridi wa kwenye miwa, Saccharicoccus sacchari, kwa sampuli za kutoka Trinidad.

Mwaka 1893 haukuwa wa neema kwake nyumbani. Mke wake Annie alifariki baada ya kujifungua, na kifua kikuu kikamrudia. Ilibidi aondoke Jamaika kwa kubadilishana kazi na mtaalamu mwenzake aliyekuwa Chuo cha Kilimo cha New Mexico, mjini Las Cruces, kwenye ukame uliofaa mapafu yake.

Alivyowatenganisha

Jina la mdudu halitolewi kwa kubuni tu. Unga ule mweupe ni nta anayoitoa mdudu mwenyewe, nao hupukutika akiguswa. Rangi nayo hubadilika kwa umri na hupotea sampuli inapokaa kwenye spiriti. Kwa hiyo mtaalamu humchemsha mdudu katika dawa kali ya magadi hadi nyama yake yote iyeyuke na kubaki ngozi, kisha huitandaza ngozi hiyo juu ya kioo na kuitazama kwa hadubini.

Hapo huhesabu pingili za vipapasio, vinyweleo, na vitundu vinavyotoa nta. Hupima miguu na kuangalia kama ukucha una jino dogo. Mwaka 1893 Cockerell alianzisha jenasi ya Phenacoccus, ambayo wadudu wake kwa kawaida wana vipapasio vyenye pingili 9, wakati ndugu zao wengi wana 8 au pungufu. Ni tofauti ndogo sana, lakini ndani ya jenasi hiyo ndimo alimokuja kuwekwa kidung'ata wa muhogo, Phenacoccus manihoti, miaka mingi baada ya Cockerell kufa.

Mwaka 1900 alioa tena. Mkewe, Wilmatte Porter, alikuwa mwalimu wa biolojia na mwenzake katika utafiti. Kuanzia 1904 hadi alipostaafu mwaka 1934 alifundisha Chuo Kikuu cha Colorado, ingawa yeye mwenyewe hakuwa amemaliza shahada yoyote darasani. Nyuki walichukua sehemu kubwa ya muda wake, na mwaka 1931 alisafiri hadi Afrika kuwakusanya. Kwa jumla inakadiriwa alitoa majina zaidi ya 9,000 ya viumbe, wengi wao nyuki.

Kasi hiyo ilikuwa na gharama. Maelezo yake mengi yalikuwa mafupi, kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule, na waliokuja baadaye walilazimika kuzirudia sampuli zake na kuzieleza upya. Kidung'ata wa mananasi ni mfano mzuri. Kwa miaka mingi wale wa waridi na wale wa kijivu walihesabiwa kuwa wamoja chini ya jina la Cockerell. Mwaka 1959 mtaalamu Beardsley wa Hawaii alionyesha kuwa wa kijivu ni spishi nyingine.

Hasara ya Kenya

Mwaka 1905 Cockerell alimtaja kidung'ata wa Ufilipino kwa jina la Pseudococcus lilacinus, yaani wa rangi ya zambarau hafifu. Miaka 18 baadaye, mwaka 1923, vidung'ata walivamia kahawa karibu na Thika, Kenya, wakaenea mashamba ya mashariki ya Bonde la Ufa. Hawakuishia kwenye kahawa. Waliingia pia kwenye mazao mengine ya wananchi.

Kwanza walidhaniwa kuwa kidung'ata wa malimau na machungwa. Baadaye, mwaka 1927, maandishi ya serikali yaliwataja kuwa lilacinus, yule wa Cockerell. Mantiki iliyofuata ilikuwa sahihi kabisa: ikiwa mdudu ametoka Mashariki ya Mbali, basi adui zake wako huko huko. Wadudu wa kuwadhibiti wakatafutwa Asia na kuletwa Kenya kwa gharama kubwa. Hawakufanya lolote la maana.

Kosa halikuwa la Cockerell. Jina lake lilikuwa sahihi kwa mdudu wa Ufilipino, ila mdudu wa Thika hakuwa huyo. Mwaka 1935 mtaalamu wa wadudu R. H. Le Pelley, baada ya kulinganisha maumbile yao kwa makini, alitangaza kuwa wa Kenya ni spishi mpya, akamwita kenyae. Leo anajulikana kama Planococcus kenyae.

Jina hilo jipya lilibadili ramani ya msako. Mdudu huyo alionekana kuwa mwenyeji wa Uganda na Tanganyika, ambako hakuwa tishio kwa sababu adui zake walikuwepo. Mwaka 1938 manyigu wadogo wa jenasi ya Anagyrus, wanaotaga ndani ya mwili wa kidung'ata, waliletwa Kenya kutoka Uganda na kuachiwa mashambani. Katika miaka michache janga lilitulia sehemu kubwa ya nchi. Ilikadiriwa baadaye kuwa hadi mwaka 1959 kazi yote haikuzidi pauni 30,000, wakati mali iliyookolewa ilifikia pauni milioni 10.

Cockerell alifariki San Diego, California, Januari 26, 1948. Hakuishi kuona kosa la aina hiyo likijirudia ndani ya jenasi aliyoianzisha. Kidung'ata wa muhogo alipoingia Afrika mwanzoni mwa miaka ya 1970, adui zake walitafutwa kwanza kaskazini mwa Amerika ya Kusini, lakini waliopatikana hawakumtaka. Ilibainika kuwa kidung'ata wa huko ni wa njano na ana madume, wakati wa Afrika ni wa waridi na majike huzaa bila dume. Wa kweli alipatikana Paraguai mwaka 1981 pamoja na nyigu wake, na nyigu huyo ndiye aliyeokoa muhogo katika nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwamo.

Faida kwa mkulima

Kwa mkulima wa Kilombero na Ulanga, jambo hili si la maabara peke yake. Tangu daraja la Mto Kilombero lichukue nafasi ya kivuko pale Kivukoni katika miaka ya 2010, mizigo huvuka saa yoyote, na ndani yake yamo mapingili ya miwa, vipando vya muhogo, machipukizi ya migomba na ya mananasi. Vidung'ata husafiri humo bila kulipa nauli, kwa kuwa hawana mbawa za kwenda mbali wenyewe isipokuwa madume.

Anayenunua mbegu ng'ambo ya mto ni vyema azikague kwenye mikunjo na chini ya maganda kabla ya kupakia. Akiona sisimizi wengi wakipanda na kushuka, au majani yaliyopakwa weusi kama masizi, ajue kuna mahali vidung'ata wanamwaga maji yao matamu.

Akiwakuta, asikimbilie pampu ya dawa, kwani dawa nyingi hushindwa kupenya nta lakini huua manyigu na wadudu kobe wanaowala. Akate kipande cha mmea pamoja na wadudu, apige picha kabla unga haujapukutika, kisha aweke wadudu wachache kwenye chupa ndogo yenye spiriti. Aandike jina la zao, kijiji, tarehe na sehemu ya mmea walikokutwa, halafu ampelekee afisa ugani ili sampuli ifike kwa wataalamu wa afya ya mimea.

Cockerell mwenyewe alitegemea sana vifurushi vya namna hiyo, vilivyotumwa na watu aliowahi kuonana nao na wengine ambao hakuwaona kamwe. Hata yule kidung'ata wa miwa alimfikia kutoka Trinidad.