Mchungaji Bodelschwingh na hofu ya damu ya ukoo

Posa ikipelekwa hapa Karatu, kabla ya kuhesabu mahari wazee hutumana kimya kimya. Watauliza Rhotia, watauliza Endabash, watapanda hadi Endulen kama binti ana ndugu huko. Je, katika ukoo ule yuko mwenye kifafa? Yuko aliyewahi kufungwa kamba kwa sababu ya kichaa? Jibu likiwa ndiyo, ng'ombe hawatoki zizini, na mara nyingi binti mwenyewe haelezwi sababu.

Swali la wazee si la kijinga. Yako magonjwa yanayotembea katika familia, na skizofrenia ni mojawapo. Huu ni ule ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti ambazo wengine hawazisikii, aamini kwamba anafuatwa au anarogwa, na wakati mwingine ajifungie ndani miezi mingi bila kuoga wala kuzungumza na mtu. Lakini kuna nchi iliyolichukua swali kama hili la wazee ikaligeuza kuwa sheria ya serikali, na yaliyofuata yanajulikana. Tunayasimulia leo kupitia maisha ya mchungaji mmoja wa Kijerumani ambaye nyumba yake ina uhusiano na Tanzania hadi sasa.

Jina lake ni Friedrich von Bodelschwingh. Ni gumu kidogo. Ukilitamka Bodelshwing utaeleweka. Walutheri wa Usambara na Bukoba walipata Injili na hospitali kupitia misheni ya Bethel, na Bethel ilikuwa nyumbani kwake.

Tuanze na baba yake, maana waliitwa jina moja na watu huwachanganya. Mzee Bodelschwingh alizaliwa mwaka 1831. Mwezi Januari 1869, yeye na mkewe walizika watoto wao wote wanne katika muda wa wiki mbili tu. Mwaka 1872 alipewa kazi ya kuongoza nyumba ndogo ya wagonjwa wa kifafa karibu na mji wa Bielefeld. Wakati ule mwenye kifafa alifichwa au alifukuzwa, kama ilivyo bado katika baadhi ya vijiji vyetu. Mzee alijenga nyumba baada ya nyumba, akawapa wagonjwa mashamba, karakana na mifugo, mpaka mahali pale, palipoitwa Bethel, pakawa mji mzima wenye maelfu ya watu.

Matawi yake yalifika huku. Lutindi, katika milima ya Usambara wilayani Korogwe, ilianzishwa mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwaka 1904 iligeuzwa kuwa mahali pa kutunza wagonjwa wa akili, na waliowahudumia walikuwa mashemasi waliofundishwa Bethel. Ndiyo hospitali ya kwanza ya aina hiyo katika nchi yetu. Mirembe ya Dodoma ilikuja zaidi ya miaka ishirini baadaye. Lutindi ingalipo, na wagonjwa wake wamekuwa wakilima na kuchuma chai.

Fritz, kama alivyoitwa mtoto huyu ili asichanganywe na baba yake, alizaliwa Bethel tarehe 14 Agosti 1877. Alikua akiwaona watu wakianguka kifafa kila siku, akicheza nao, akila nao. Baba alipofariki mwaka 1910, Fritz akiwa na miaka 32, alishika uongozi akakaa nao mpaka kufa. Wote waliomfahamu walimweleza kuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini, anayejua majina ya wagonjwa wake. Tunalisema hili mapema kwa sababu msomaji anaweza kudhani kwamba habari inayokuja inahusu mtu katili.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Ujerumani ilikuwa na njaa na madeni. Wasomi wengi, si wa Ujerumani peke yake, walianza kusema kwamba taifa linalemewa na watu waliorithi udhaifu, na kwamba dawa ni kuwazuia wasizae. Marekani ilikuwa na sheria za namna hiyo tangu mwaka 1907. Wazo hilo lilifika makanisani. Mwezi Mei 1931 viongozi wa hospitali na nyumba za wagonjwa za Kiprotestanti walikutana katika mji wa Treysa. Bodelschwingh alikuwepo. Kuua wagonjwa walikukataa kabisa. Kuwafunga kizazi walikubali kwamba kunaweza kufaa. Wengi wao waliona hapo wamesimama katikati, mahali pa busara.

Mwaka 1933 Hitler aliingia madarakani. Bodelschwingh alichaguliwa kuwa askofu wa kanisa zima la nchi, akajiuzulu baada ya wiki chache kwa shinikizo la wafuasi wa Hitler, akarudi Bethel kwa wagonjwa wake. Tarehe 14 Julai mwaka huohuo serikali ilitunga sheria ya kuzuia kizazi cha wenye magonjwa ya kurithi. Orodha yake ilikuwa na skizofrenia, kifafa, ugonjwa wa akili wa kupanda na kushuka kwa hisia, upofu na uziwi wa kurithi, udhaifu wa akili, hata ulevi wa kupindukia. Haikuwa suala la hiari. Daktari alipaswa kuripoti, mahakama maalumu ikaamua, na mgonjwa akikataa polisi walimpeleka chumba cha upasuaji.

Katika miaka kumi na miwili watu wapatao 400,000 walifungwa kizazi. Ndani ya Bethel yenyewe walikuwa zaidi ya 1,000. Mchungaji aliyewajua kwa majina hakuzuia. Madaktari wake waliripoti, hospitali yake ikafanya upasuaji. Aliona ni mzigo mchungu ambao mgonjwa anaubeba kwa ajili ya wengine.

Na sasa kuna jambo ambalo kila mwenye posa mezani angepaswa kulisikia. Mtaalamu mkuu aliyeisaidia serikali kuieleza sheria ile, Ernst Rüdin wa Munich, alikuwa amehesabu familia za wagonjwa wa skizofrenia miaka mingi kabla na kuchapisha hesabu yake mwaka 1916. Alitafuta ni ndugu wangapi wa mgonjwa waliougua pia. Wazazi walipokuwa wazima, hawakufika 5 katika kila ndugu 100. Yaani kitabu chake mwenyewe kilionyesha kwamba ndugu zaidi ya 95 katika 100 hawakupata ugonjwa huo. Hesabu ilikuwa mezani kwao. Hofu ilikuwa kubwa kuliko hesabu.

Utafiti wa leo haujaiondoa damu kabisa katika maelezo. Katika watu 100 wa kawaida, karibu 1 ataugua skizofrenia maishani mwake. Mzazi mmoja akiwa nayo, kati ya watoto 100 wa wazazi wa aina hiyo wataugua kama 10, na 90 hawataugua. Hata mapacha wa kufanana, ambao wana vinasaba vilevile, mmoja akiugua, mara nyingi zaidi mwenzake hubaki mzima. Mwaka 2022 watafiti wa nchi nyingi walichapisha kazi iliyochunguza wagonjwa zaidi ya 76,000, wakapata sehemu 287 za vinasaba zinazohusika. Karibu kila moja huongeza hatari kidogo sana. Ni kama debe la mahindi: huwezi kuonyesha punje iliyolijaza. Zaidi ya hayo, punje hizo zimetawanyika kwa watu wote, pamoja na wewe unayesoma na wazee wanaokwenda kuuliza. Ndiyo maana wagonjwa wengi wana baba na mama wazima.

Kuna mengine yanayoongeza uzito kwenye debe: mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, maisha ya mateso utotoni, na bangi, hasa inayovutwa sana na kijana ambaye tayari ana ndugu mgonjwa. La bangi tunalikazia kwa sababu ndilo lililo mikononi mwetu. Watafiti wameshachukua sampuli Kenya, Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini katika mradi uitwao NeuroGAP-Psychosis, kwa kuwa sehemu kubwa ya utafiti wa awali ilifanywa kwa watu wenye asili ya Ulaya.

Kifafa nacho kina funzo lake jirani kabisa na sisi. Madaktari katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, kule Mbulu, walipowapiga wagonjwa wa kifafa picha za kichwa, baadhi yao walikutwa na vifuko vya minyoo ya tegu wa nguruwe ndani ya ubongo. Mayai ya tegu hutoka kwenye kinyesi cha mtu aliyekula nyama ya nguruwe isiyoiva, yakaingia kwa wengine kupitia mikono, maji na chakula. Ukiona ndugu wawili wa nyumba moja wana kifafa, unaweza kusema ni ukoo. Huenda ni choo na jiko. Sheria ya mwaka 1933 isingeweza kujua tofauti hiyo, na haikuwa na subira ya kuitafuta.

Turudi Bethel. Mwaka 1939, vita vilipoanza, Hitler alitia saini karatasi ya kuruhusu madaktari wawaue wagonjwa walioonekana hawaponi. Wapatao 70,000 waliuawa kwa gesi mpaka Agosti 1941, wengi wao wakiwa na skizofrenia. Walichukuliwa kwa mabasi ya kijivu, na familia zikapelekewa barua zenye sababu ya kifo ya uongo.

Katikati ya mwaka 1940 fomu zilifika Bethel. Kila mgonjwa aandikwe jina, ugonjwa, muda aliokaa, na kama anaweza kufanya kazi. Bodelschwingh alishajua fomu zile zinatumika kwa nini. Alikataa zisijazwe. Yeye na mwenzake Paul Gerhard Braune, aliyeongoza nyumba ya wagonjwa karibu na Berlin, walikwenda ofisi moja baada ya nyingine wakipinga. Braune aliandika ripoti kwa serikali, na Agosti mwaka huo akakamatwa na kufungwa kwa miezi. Bodelschwingh hakusimama hadharani kulaani. Alichagua barua na mazungumzo ya faragha, hata na Karl Brandt, daktari wa Hitler mwenyewe, aliyekuwa mmoja wa wasimamizi wa mauaji hayo. Watu bado wanabishana kama njia hiyo ilikuwa hekima au woga. Kwa maoni yetu ilikuwa na vyote viwili.

Mwezi Septemba 1940 wagonjwa wa Kiyahudi waliokuwa Bethel walitakiwa wakabidhiwe. Mchungaji alihangaika kuwatafutia njia, na ndugu za baadhi yao wakawahi kuwachukua. Saba walichukuliwa, wakauawa. Mwezi Februari 1941 tume ya madaktari wa serikali ilikuja kujaza fomu yenyewe, na madaktari wa Bethel walikuwa wamewapanga wagonjwa katika makundi kabla haijafika. Mabasi yaliyokuwa yakisubiriwa hayakuja. Agosti mwaka huo, baada ya askofu Mkatoliki von Galen wa Münster kuyasema mauaji hayo mimbarini mbele ya waumini, Hitler alisimamisha kazi ya vyumba vya gesi vya wagonjwa, ingawa kuua kwa njaa na sindano kuliendelea kwingine. Wagonjwa wa Bethel waliohamishiwa hospitali za serikali katika miaka hiyo, wengine wao hawakurudi.

Ukiweka orodha ya mwaka 1933 kando ya fomu za mwaka 1940, utaona magonjwa mengi ni yaleyale. Walioripotiwa ili wafungwe kizazi walikuwa na majalada tayari. Mlango ambao Bodelschwingh alijitahidi kuufunga mwaka 1940, yeye na wenzake walikuwa wameuacha wazi kidogo kule Treysa.

Alifariki Bethel tarehe 4 Januari 1946, akiwa na miaka 68, miezi michache baada ya vita kwisha. Hakuwahi kuona matokeo ya hesabu iliyofuata. Sehemu kubwa ya watu wenye skizofrenia waliokuwa Ujerumani mwaka 1933 walikuwa wamefungwa kizazi au wameuawa. Kama ugonjwa ungekuwa wa damu ya koo chache, ungetoweka. Watafiti walipohesabu wagonjwa wapya katika mji wa Mannheim miaka ya 1960, waliwakuta wa kutosha, wala si wachache kuliko katika nchi nyingine. Wengi wa wagonjwa huzaliwa kwa wazazi wazima.

Bunge la Ujerumani lilifuta hukumu za mahakama zile mwaka 1998. Wengi wa waliofungwa kizazi walikuwa wamekwisha kufa, bila mtoto wa kupokea habari hiyo.