Nick Drake: Albamu tatu zilizododa sokoni na sharti moja lililozilinda

Nick Drake alipofariki Novemba 25, 1974, alikuwa na miaka 26 na albamu tatu sokoni. Sokoni kwa jina tu. Inakadiriwa kwamba hakuna hata moja iliyofikisha mauzo ya nakala 5,000 akiwa hai. Leo mpiga gitaa huyo wa Uingereza anasikilizwa dunia nzima, na wapo wanamuziki wakubwa wanaomtaja kama mwalimu wao.

Imekuwaje?

Nick alizaliwa Juni 19, 1948 mjini Rangoon, Burma (siku hizi Yangon, Myanmar), ambako baba yake alikuwa mhandisi wa kampuni ya Waingereza. Familia ilirudi kwao akiwa bado mdogo, ikaweka makazi kijiji cha Tanworth-in-Arden. Mama yake, Molly, alikuwa akitunga nyimbo na kuzipiga kwenye piano pale pale nyumbani, bila kutafuta jina. Nyimbo hizo zilikuja kutolewa kama albamu miaka mingi baada ya kifo chake, na ukizisikiliza unajua kabisa mtoto alirithi wapi.

Mwaka 1967 aliingia Chuo Kikuu cha Cambridge kusoma fasihi ya Kiingereza. Masomo hayakumkamata, gitaa kavu ndilo lilimkamata. Alilegeza nyuzi na kuzikaza upya kwa namna zake mwenyewe, akapiga kwa vidole, kidole gumba kikitembea kwenye nyuzi nene bila kukosea mwendo. Hadi leo wapiga gitaa wanahangaika kutafuta alizifunga vipi zile nyuzi.

Ashley Hutchings, mpiga besi wa bendi ya Fairport Convention, alimwona jukwaani London akavutiwa. Akampa taarifa prodyuza Mmarekani Joe Boyd, ambaye kampuni yake ndogo ilifanya kazi na Island Records. Ndiyo, Island ile ile ya Chris Blackwell iliyokuja kumtangaza Bob Marley duniani. Boyd akasikiliza nyimbo za kijana, akaamua kumrekodi.

Kazi ilifanyika studio ya Sound Techniques, mtaa wa Chelsea, fundi wa sauti akiwa John Wood. Boyd alimleta mtaalamu, Richard Hewson, apange sauti za vayolini. Nick, kijana mpole asiyeongea sana, akaikataa kazi ile. Akasema anaye rafiki yake wa chuoni, Robert Kirby, atakayeiweza. Kirby alikuwa mwanafunzi tu. Wenye studio wakawa na wasiwasi, lakini vayolini zilipoanza kulia, wasiwasi ukaisha. Ni wimbo mmoja tu, River Man, uliopewa mtu mwingine, mzoefu Harry Robinson.

Albamu ikaitwa Five Leaves Left, jina lililotoka kwenye kijikaratasi ndani ya pakiti za karatasi za kusokotea sigara, kile kinachomwambia mvutaji kuwa zimebaki tano. Ilitoka 1969. Nick akaacha chuo bila kumaliza, akahamia London kufanya muziki. Mauzo? Kimya.

Tatizo kubwa lilikuwa jukwaa. Msanii wa aina yake aliuza rekodi kwa kuzunguka na kupiga muziki mbele ya watu, na Nick hakuliweza hilo. Karibu kila wimbo ulitaka nyuzi zifungwe upya, hivyo alikaa dakika nzima akihangaika na gitaa, hasemi neno, hatanii, haangalii watu. Watu nao wakaanza kupiga soga zao. Juni 1970, kwenye chuo kimoja huko Ewell, alisimama katikati ya wimbo akaondoka zake.

Magazeti nayo hakuyapenda, na mahojiano yaliyochapishwa ni moja tu, ya mwaka 1971. Na kwa kizazi chetu cha kurekodi kila kitu kwa simu hili ni gumu kuelewa, lakini hakuna video inayojulikana ya Nick Drake akiwa mtu mzima. Wala moja.

Albamu ya pili, Bryter Layter, ilitoka 1971. Safari hii waliweka ngoma, besi na saksafoni, na John Cale wa Velvet Underground akashiriki nyimbo mbili. Boyd aliamini kabisa hii ndiyo itakayomtoa. Haikumtoa. Wakati huo Boyd alikuwa ameshaamua kuiuza kampuni yake kwa Island na kwenda kufanya kazi Los Angeles. Kwa Nick lilikuwa pigo, maana huyu ndiye aliyemwamini kuliko wote.

Ila kabla ya kuondoka Boyd aliweka sharti moja kwenye mkataba: rekodi za Nick Drake zisiondolewe kamwe kwenye orodha ya Island. Wakati ule lilionekana jambo dogo. Kawaida rekodi isiyouza huachwa kuchapishwa, na baada ya miaka kumi hata anayeitaka haipati.

Sonona ilikuwa imeshamwelemea. Island ilikuwa ikimpa posho ya pauni 20 kwa wiki, na hatimaye alirudi kuishi na wazazi kijijini. Hata hivyo, Oktoba 1971 alimpigia simu John Wood akitaka kurekodi. Walikutana studio usiku, watu wawili tu, na ndani ya usiku mbili kazi ikaisha. Nyimbo 11, dakika 28 hivi, sauti na gitaa. Piano inasikika kidogo kwenye wimbo wa kwanza, basi. Albamu hiyo, Pink Moon, ilitoka Februari 1972, nayo ikadoda vile vile.

Mwaka 1974 alirudi studio na Boyd na Wood. Hali yake ilikuwa mbaya, hakuweza tena kuimba huku anapiga. Ikabidi gitaa lirekodiwe kwanza, sauti baadaye. Zilipatikana nyimbo chache tu. Miezi michache baadaye alifariki nyumbani usiku, baada ya kumeza kiwango kikubwa cha dawa za sonona alizoandikiwa. Uchunguzi wa kisheria uliamua kuwa alijiua, lakini baadhi ya watu wake wa karibu hawakukubaliana na uamuzi huo.

Basi sharti la Boyd likaanza kufanya kazi. Rekodi zilikuwepo, na mtu mmoja alimwambia mwenzake. Miaka ya themanini vijana walianza kufunga safari hadi kijijini kugonga mlango wa mzee Rodney na Molly. Wazazi hao waliwakaribisha, wakawaonyesha chumba cha mtoto wao, wengine wakarudi na kaseti za nyimbo alizorekodi nyumbani.

Kisha mwaka 1999 Volkswagen wakatumia wimbo Pink Moon kwenye tangazo la gari la televisheni Marekani. Mauzo ya albamu ile yakapanda mara kadhaa ndani ya muda mfupi, karibu miaka 30 tangu itoke.

Mwaka 2004 John Wood na Robert Kirby walirudi kwenye wimbo mmoja wa 1968, kutoka kazi ile ya Hewson ambayo Nick aliikataa. Waliondoa vayolini za Hewson, wakabaki na sauti ya Nick, wakarekodi upya vayolini kwa mpangilio ambao Kirby aliuandika wakiwa wanafunzi. Wimbo huo, Magic, ukaingia 40 bora za Uingereza, mara ya kwanza kwa Nick Drake kufika huko.