Mbaruk bin Rashid wa Gazi: Mshirika Aliyeingia Vitani

Usuli wa kihistoria

Katika kazi nyingi za fasihi unazotahiniwa, kuna kiongozi anayelazimika kuchagua kati ya maslahi yake na watu wanaomtegemea. Maisha ya Mbaruk bin Rashid al-Mazrui yatakusaidia kuwaelewa wahusika wa aina hiyo. Yasome ukijiuliza swali moja: kwa nini mzee aliyekuwa na amani, cheo na posho aliingia katika vita vilivyoanzia nyumbani kwa mwingine?

Asili yake

Mbaruk alikuwa mwana wa Rashid bin Salim, mtawala wa mwisho wa Mombasa kutoka ukoo wa Mazrui. Mwaka 1837 Sayyid Said, Sultani wa Omani na Zanzibar, aliitwaa Mombasa, na wakuu wa Mazrui, akiwemo Rashid, wakakamatwa na kupelekwa mbali walikofia. Mbaruk alikuwa bado mtoto. Waliosalia waligawanyika: baadhi walikwenda kaskazini wakakaa Takaungu, wengine kusini wakakaa Gazi. Mgawanyiko huu ndio chanzo cha kisa chetu, kwa sababu nyumba zilikuwa mbili lakini damu ilikuwa moja.

Gazi ni kijiji cha ufuoni, katika Kaunti ya Kwale ya leo, kati ya Diani na Msambweni. Mbaruk alipopata uongozi hapo, aliasi mara kadhaa dhidi ya masultani wa Zanzibar. Kila alipozidiwa ufuoni, alikimbilia Mwele, ngome iliyozungukwa na msitu mnene katika vilima vya bara. Mwaka 1882 Sultani Barghash alimtuma Mwingereza Lloyd Mathews na jeshi kuizingira Mwele. Ngome ilitekwa, lakini Mbaruk aliponyoka na baadaye akarudi Gazi. Somo alilolipata ni kwamba jeshi la ufuoni huchoka, na anayeujua msitu hungoja hadi liondoke.

Waingereza walipoingia kupitia Kampuni ya Imperial British East Africa, Mbaruk alipatana nao. Alipokea posho ya Kampuni, na kwa miaka kadhaa alihesabiwa kuwa rafiki yao.

Moto wa Takaungu

Februari 1895 Salim bin Khamis, liwali wa Takaungu, alifariki. Kulikuwa na wawili waliofikiriwa kumrithi: Rashid, mwanawe marehemu, na Mubarak bin Rashid, mpwawe aliyekuwa na umri mkubwa zaidi. Kwa desturi ya ukoo, mkubwa ndiye aliyekuwa na haki. Kampuni ilimteua Rashid kwa kuwa alikuwa rafiki yake. Mubarak alikataa, akajiimarisha Gonjoro, bara ya Takaungu.

Tanbihi: Usiwachanganye. Mubarak bin Rashid ni wa Takaungu. Mbaruk bin Rashid ni wa Gazi. Majina yanakaribiana, lakini ni watu wawili.

Wakati huo huo serikali ya Uingereza ilikuwa ikichukua mamlaka kutoka kwa Kampuni, na Arthur Hardinge ndiye aliyekuwa mkuu wa utawala mpya. Juni 1895 Gonjoro ilishambuliwa. Mubarak na ndugu yake Aziz walikimbilia kusini, wakabisha hodi kwa mzee wao wa Gazi.

Mipango ya mzee

Hapa Mbaruk alikuwa na njia mbili. Angewatoa wakimbizi, angebaki na posho na mji wake, lakini angekuwa amewauza watoto wa ukoo kwa wageni waliopuuza desturi ya ukoo huo huo. Angewaficha, angepoteza kila kitu. Waingereza walimtaka awasalimishe. Mbaruk hakukataa wazi wala hakukubali. Barua na wajumbe walikwenda na kurudi, na siku zilizopita hivyo zilikuwa faida kwake.

Alijua kuwa Gazi haiwezi kulindwa, kwa sababu iko ufuoni na manowari zingeifikia kwa urahisi. Basi hakuufanya mji kuwa uwanja wa vita. Julai 1895 Hardinge na Admirali Harry Rawson walipofika Gazi na majeshi, mzee alikuwa amekwisha kujiondoa kuelekea Mwele. Mpango wake ulikuwa ule wa zamani: kumwachia adui pwani, kumvuta msituni, na kungoja achoke.

Tarehe 17 Agosti 1895 Rawson aliishambulia Mwele na kuiteka. Pamoja naye walikuwepo mabaharia wa manowari, askari wa Zanzibar na Wasudani. Mathews wa mwaka 1882 alikuwemo pia. Mara hii tena Mbaruk hakukamatwa. Vita vilienea: Hamis bin Kombo wa Mtwapa alijiunga na Mazrui, na mapigano yakawa ya kuvizia na kukimbia, kusini na kaskazini ya Mombasa.

Kosa katika hesabu

Mpango wa Mbaruk ulitegemea adui wa kuchoka. Sultani wa Zanzibar alichoka. Uingereza haikuchoka, kwa sababu ilikuwa na himaya ya kuchota askari. Machi 1896 kikosi kutoka India kilitua pwani, na nafasi ya kujificha ikazidi kupungua.

Aprili 1896 Mbaruk alifanya uamuzi wake wa mwisho. Alivuka mpaka kusini ya Vanga, akajisalimisha kwa Hermann von Wissmann, gavana wa Wajerumani, pamoja na wafuasi zaidi ya 1,000. Wajerumani walimpa hifadhi. Hakuirudia Gazi tena kama mtawala; alifia Dar es Salaam mwaka 1910. Nyumba yake ya Gazi ilikuja kutumika kama shule.

Mafunzo

Kwanza, mshirika huingia vitani na sababu zake mwenyewe. Mubarak alipigania urithi. Mbaruk alipigania heshima ya ukoo na mamlaka yaliyokuwa yakimtoka. Pili, mpango mzuri kwa adui wa jana waweza kuwa mtego mbele ya adui wa leo. Tatu, usimsifu kiongozi bila kumhoji. Wanakijiji wa Gazi na majirani zao Wadigo walibeba gharama ya uamuzi ambao hatuwezi kusema ulikuwa wao. Mtahini hupenda jibu linaloona pande zote mbili.

Maswali ya marudio

1. Eleza chanzo cha mgogoro wa Takaungu wa mwaka 1895. (alama 4)
2. Kwa nini Mbaruk hakuilinda Gazi kwa vita? (alama 4)
3. Linganisha mazingira ya Mwele mwaka 1882 na mwaka 1895. (alama 6)
4. "Mbaruk wa Gazi alishindwa vitani lakini hakushindwa katika wajibu wake." Jadili. (alama 10)